Nyumba ya Muheza kwa Nyumba ya Tukuyu

Sogeeni, wenye viti na wenye mikeka. Leo sina sungura, sina fisi, sina mfalme mwenye binti. Nina nyumba mbili, wanawake wawili waliostaafu, na choo kimoja. Anayetaka sungura akamtafute kwingine. Mimi shule niliiacha darasa la sita, au shule ndiyo iliyoniacha, hilo bado hatujakubaliana. Lakini hadithi hii nimeisimulia mbele ya hakimu mstaafu na mwalimu wa hesabu, wakabishana mpaka chai ikaota ngozi. Basi fungueni masikio, maana mwisho wake nawaachia ninyi kazi.

Muheza palikuwa na watu watatu, tumbo moja, na kila mmoja alizaliwa na chake.

Wa kwanza ni Mwanaidi, na chake kilikuwa kuuliza. Alikuwa anaandikisha wagonjwa zahanati. Mtu alifika mezani kwake na kikohozi, akiondoka ameshataja na mdeni wake, na ndoto aliyoota, na kwa nini hasemi na shemeji yake. Hakumtisha mtu. Aliuliza, akanyamaza, akakutazama. Wewe mwenyewe ulimwaga.

Wa pili ni Hizza, na chake kilikuwa mikono. Kitu kilichovunjika kikimwona Hizza anapita, kilianza kujiunga chenyewe. Mnacheka? Mimi mwenyewe nilimpa mwavuli wenye mbavu moja, akanirudishia mwavuli na kiti.

Wa tatu ni Mbonea, na chake kilikuwa kupima. Pale soko la machungwa walikuwa na mizani, lakini mizani ikikorofisha waliipeleka kwa Mbonea aiambie imekosea wapi. Alinyanyua kapu mkono wa kulia, kapu mkono wa kushoto, akafumba macho, akasema, "Hili limezidi chungwa moja, na hilo chungwa lina kokwa nyingi." Wakilipasua, kweli, kokwa tupu.

Sasa mama yao. Huyu ndiye mwenye hadithi, wale watatu ni vijiko vyake tu.

Bi Mwanjaa alipika katika bweni la shule ya wasichana miaka thelathini na moja. Wasichana mia nne, asubuhi uji, mchana ugali, jioni ugali na jina jingine. Na likizo zake? Likizo ya kwanza, harusi Handeni: akakabidhiwa mwiko. Likizo ya pili, msiba Korogwe: mwiko. Likizo ya tatu alikwenda kumuuguza dada yake Pongwe, na mgonjwa mwenyewe, akiwa kitandani, akanyoosha mkono kuelekea jikoni. Ndivyo zilivyokwenda zote thelathini na moja.

Alipotimiza miaka mitatu ya kustaafu, Bi Mwanjaa akawaita watoto wake sebuleni.

"Mwaka huu nakwenda likizo," akasema. "Siendi harusini, siendi msibani, siendi kuuguza. Nakwenda kukaa."

"Kukaa wapi, Mama?" akauliza Mwanaidi, maana nani mwingine angeuliza?

"Penye baridi. Nataka nijifunike blanketi mchana. Nataka nipike chai ya kikombe kimoja. Kimoja! Tangu nizaliwe sijawahi kupika chai ya kikombe kimoja."

"Basi tukutafutie nyumba ya wageni nzuri," akasema Hizza.

"Nitaingia jikoni kumfundisha mpishi. Najijua."

"Nenda kwa Baba Mdogo kule Lushoto," akasema Mbonea. "Baridi si ipo?"

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi hata hawangoji hiyo ya tatu, mwiko napewa mlangoni. Sikilizeni. Nimesikia redioni kuna watu hubadilishana nyumba. Mimi nakaa kwako, wewe unakaa kwangu, mwezi mmoja, kisha kila mtu anarudi kwake. Hapo hakuna mwenyeji, hakuna mgeni, hakuna asante. Hiyo ndiyo yangu. Nina miaka sitini na sita na sijui kupumzika kukoje. Nisipojifunza mwaka huu nitajifunzia kaburini, na kule nitamhadithia nani?"

Watoto wakatazamana. Walikuwa wanamjua mama yao. Akisema jambo kwa sauti ya chini hivyo, hata mvua ilikuwa inasubiri amalize.

Mwanaidi akaanza. Akatangaza kwenye kundi la wastaafu kwenye simu: nyumba Muheza, vyumba viwili, jua la kutosha, inatafuta nyumba yenye baridi mwezi wa saba. Wakajibu watatu, na kila mmoja akatuma picha ya nyumba iliyopendeza kuliko mwenye nayo.

Wa kwanza alikuwa bwana mmoja wa Iringa. Mwanaidi akampigia simu, akasikiliza sifa za nyumba mpaka zikaisha, kisha akauliza, "Mzee, mama akishafunga mlango wake, ni nani anayeweza kuingia bila kubisha hodi?" Yule bwana akakohoa. Akakohoa tena. Ikaja kujulikana kuna babu chumba cha nyuma, anakula mara nne, na uji wake hautaki sukari. Mwanaidi akamshukuru, akamfuta.

Wa pili alikuwa mama wa Arusha, nyumba ina bustani ya maua. Mwanaidi akauliza, "Asubuhi ya kwanza mama akifungua macho, ni kitu gani kitakuwa kinamngoja?" Yule mama akacheka, akasema si kitu, kuku tu. Wangapi? Mia mbili na kumi. Akafutwa.

Wa tatu alikuwa Bibi Subilaga wa Tukuyu, mkunga mstaafu, anaishi peke yake, magoti yanamuuma kwa baridi, analitaka jua kama mtu anavyotaka haki yake. Mwanaidi akamuuliza maswali arobaini na moja. Aliuliza hata lile la kuonea haya: "Bibi, sisi ni Waislamu. Jikoni kwako nguruwe amewahi kupikwa?"

"Sufuria mbili, mwanangu," akajibu Bibi Subilaga bila kusita. "Nitazifungia stoo, na ufunguo wa stoo nakuja nao huko huko Muheza."

Mwanaidi akampenda papo hapo. Ndipo akauliza la arobaini na moja. "Bibi, ni kitu gani kwenye nyumba za watu huwa kinakukimbiza?"

Simu ikanyamaza. Mwanaidi naye akanyamaza. Walinyamaziana mpaka salio likaanza kulia.

"Choo," akasema Bibi Subilaga. "Magoti yangu hayakubali kuchuchumaa. Nimekataa nyumba tatu kwa sababu hiyo, na wote niliwaambia nimepata msiba. Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza."

Na choo cha Bi Mwanjaa kilikuwa cha nini? Cha kuchuchumaa, tena chenye ngazi mbili.

Hizza akaingia kazini. Zilikuwa zimebaki siku tatu Bibi Subilaga akate tiketi au asikate, na alikuwa amesema wazi: "Nitumieni picha ya choo, si ya sebule." Siku ya kwanza Hizza akavunja ngazi, akaweka mteremko. Siku ya pili akafunga vyuma vya kushikia ukutani, kulia na kushoto. Siku ya tatu alihitaji kiti kizito, kipana, kisichotikisika, na Muheza nzima kulikuwa na kiti kimoja tu cha namna hiyo. Kilikuwa sebuleni kwa mama yake. Kiti cha mninga, zawadi ya shule siku ya kustaafu, kimechongwa mgongoni: BI MWANJAA, MIAKA 31, AHSANTE.

Bi Mwanjaa alikuwa sokoni. Hizza hakumngoja. Akachukua msumeno, akatoboa tundu katikati ya kiti, duara safi kama mwezi, akakipiga msasa, akakipaka vanishi, akakikita chooni juu ya shimo.

Bi Mwanjaa aliporudi alisimama mlango wa choo muda mrefu. Kikapu kilikuwa bado kichwani.

"Hizza."

"Naam, Mama."

"Jina langu liko wapi?"

"Mgongoni, Mama. Sikuligusa."

Akakitazama tena. "Kimekaa sebuleni miaka mitatu, hakuna aliyethubutu kukikalia. Haya, kipate kazi. Piga picha."

Picha ikaenda Tukuyu. Jibu likarudi kabla vanishi haijakauka: "Nimekata tiketi."

Basi wakapanga. Bibi Subilaga ateremke, Bi Mwanjaa apande, siku zile zile mbili, ufunguo wa Tukuyu uachwe kwa jirani. Mbonea akafuatana na mama yake kumbebea mzigo, ampeleke na kurudi. Hizza na Mwanaidi wakabaki Muheza wampokee Bibi Subilaga, wamkabidhi ufunguo, waondoke. Wanawake wale wawili walikuwa wamekubaliana kwa simu mara saba: hakuna mwenyeji, hakuna mgeni.

Sasa nisikilizeni hapa. Mtu wa nchi nyingine angefunga nyumba yake, akaondoka. Hawa wetu hawawezi. Mkono wa mwanamke aliyelelewa vizuri haufungi mlango ukaacha nyumba tupu wakati anajua kuna mtu anakuja. Unaukataza, haukusikii.

Bi Mwanjaa alifika Tukuyu saa tisa alasiri. Manyunyu, ukungu, baridi ya kuuma masikio, yaani kila alichokiomba. Akafungua mlango wa nyumba ya Bibi Subilaga huku anatabasamu. Akaingia jikoni. Tabasamu likadondoka.

Kapu, limefunikwa kitambaa cheupe. Ndani ndizi mbichi, maharage, viazi. Na mguu wa meza umefungwa jogoo mwekundu, ana maji yake, ana mahindi yake, anamtazama Bi Mwanjaa kama anayesema karibu.

"Jogoo!" Bi Mwanjaa akapiga kelele. "Mbonea! Nimewekewa jogoo! Mimi ni mgeni!"

"Mama, ni ukarimu tu."

"Ndiyo ninachosema! Kesho nitashukuru. Keshokutwa nitafikiria nilipe nini. Siku ya tatu nitakuwa nimeshika mwiko nampikia jirani yake. Likizo imekwisha, geuza mzigo. Basi la kurudi linaondoka saa ngapi?"

Kabla Mbonea hajajibu, simu yake ikalia. Ni Hizza, kutoka Muheza.

"Kaka, huku kuna balaa. Huyu Bibi amekaa barazani na begi lake, hataki kulala humu. Kakuta kapu jikoni, na jogoo."

"Jogoo wa nani?"

"Wa Mama! Mweupe, kamfunga mguu wa meza!"

Mbonea akamgeukia mama yake polepole. Bi Mwanjaa akawa ghafla ana shughuli na fundo la kanga yake.

"Niliacha kidogo tu," akasema.

Simu ikawekwa sauti ya nje, na Bibi Subilaga akasikika kutoka barazani Muheza. "Mwambieni huyo mama! Nimezalisha watoto wa watu miaka thelathini na saba. Kila nyumba kuku, kila nyumba 'karibu mkunga', kila nyumba asante. Nimechoka kushukuru! Nilitaka nyumba, sikutaka mwenyeji. Kesho asubuhi narudi kwangu!"

"Na mimi narudi kwangu!" akajibu Bi Mwanjaa.

"Rudi!"

"Narudi!"

Pale ndipo mwezi wa saba ulipokuwa unaning'inia. Maswali arobaini na moja, kiti kilichotobolewa, siku mbili za barabara, vyote vinataka kuondoka na basi la asubuhi. Na Bi Mwanjaa, nawaambia, hangejaribu tena. Alikuwa ameshaanza kusema yale maneno ya watu wanaokata tamaa: "Nilijua tu."

Mbonea akaweka simu mezani. "Nyamazeni wote wawili," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kumwambia mama yake anyamaze. Akamfungua jogoo kwenye mguu wa meza, akamnyanyua mkono wa kulia. Akanyanyua kapu mkono wa kushoto. Akafumba macho.

"Mzigo wa hapa ni kilo kumi na tatu na nusu, pamoja na jogoo. Mzigo wa Muheza niliubeba mwenyewe juzi, Mama akanidanganya ni wa kaka Hizza. Mchele, nazi, machungwa na jogoo, kilo kumi na nne. Mnasikia? Hapa hakuna mgeni. Mmebadilishana nyumba kwa nyumba, kapu kwa kapu, jogoo kwa jogoo. Nani amshukuru nani?"

Bi Mwanjaa akainua kidevu. "Kumi na nne kwa kumi na tatu na nusu. Kwa hiyo mimi nimemzidi."

"Hujanizidi kitu!" Bibi Subilaga akaruka. "Tazama dirishani, nyuma ya pazia! Kuna kibuyu cha mtindi!"

Mbonea akaenda dirishani, akakinyanyua kibuyu. Akakitikisa kidogo. Akafumba macho kwa muda mrefu kuliko ule wa kwanza.

"Nusu kilo kamili," akasema.

Wako wanaosema alidanganya. Wako wanaosema kibuyu kilikuwa kikubwa, na mtindi wa Tukuyu ni mzito. Mimi sikuwepo dirishani, na kama ningekuwepo nisingesema. Ninachojua ni kwamba kule Muheza begi liliingia ndani, na kule Tukuyu Bi Mwanjaa akavua viatu, akatia maji kwenye birika, akayapima kwa kikombe. Kimoja.

Mwezi mzima alikaa. Alijifunika blanketi mchana. Siku ya nne alilala mpaka saa tatu asubuhi, akaamka ameogopa, akidhani wasichana mia nne wanangoja uji. Kulikuwa na ukungu tu. Akalala tena. Wiki ya tatu Mwanaidi alimpigia, akamuuliza, "Mama, unafanya nini?" Akajibu, "Sifanyi," na sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye binti yake hakuwahi kukutana naye.

Aliporudi Muheza akakuta Bibi Subilaga ameondoka asubuhi ile, magoti yamelainika, na ameacha karatasi mezani: "Mwakani tena, mwezi uleule. Nipe jina la utakayekuja naye nimwambie jirani." Maana nyumba ya Tukuyu ina vyumba viwili, na Bi Mwanjaa alikuwa amemwambia kwa simu kwamba mwakani atafuatana na mtu. Likizo ni tamu, alisema, lakini unahitaji mtu wa kumwambia chai imepoa.

"Ila mmoja," akawaambia watoto wake. "Mkija watatu, hilo ni bweni. Atakuja yule aliyenipa likizo."

"Basi ni mimi," akasema Mwanaidi. "Bila maswali yangu ungekuwa Iringa unakoroga uji wa babu. Choo chenyewe nani aliyekijua kabla sijauliza? Na tangu nianze kazi ile sijakaa mahali ambapo hakuna mtu anayekohoa."

"Uliuliza arobaini na moja," akasema Mbonea, "la kapu ukalisahau. Mtaacha nini jikoni, dada? Hilo moja lingetuokoa."

"Basi ni mimi," akasema Hizza. "Swali halikaliwi. Bibi alikata tiketi alipoona kiti. Mikono hii imefanya likizo za watu wengine, yenyewe haijapumzika."

"Ulikata kiti cha Mama bila kumwuliza," akasema Mwanaidi. "Kama angelia je? Ulibahatisha."

"Basi ni mimi," akasema Mbonea. "Ninyi mlimfikisha mlangoni, mimi ndiye niliyemwingiza ndani. Mlango usioingilika ni ukuta tu. Mimi nilikaa kule usiku mmoja, nikarudishwa sokoni kama kapu tupu."

"Kile kibuyu," akasema Hizza taratibu, "kilikuwa nusu kilo kweli?"

Mbonea akatazama dari.

Bi Mwanjaa aliwasikiliza, akasugua magoti yake, ambayo hayakuwa yanauma. "Kila mmoja amesema kweli," akasema, "na hilo ndilo linaloniudhi. Jibu la Tukuyu linatakiwa Ijumaa."

Nami nimefika hapo, wapendwa, na hapo ndipo hadithi inapokaa chini. Msiniambie aende na wawili, amekataa. Msiniambie wapige kura. Watatu, kila mmoja atajipigia. Bibi mmoja kule Hale aliniambia Bi Mwanjaa aende peke yake. Nikamuuliza, na chai ikipoa? Na wewe unayetaka kusema wote ni sawa, hebu liandike jina la "wote ni sawa" kwenye karatasi uipeleke Tukuyu, jirani amtandikie kitanda.

Jibu langu ninalo, zuri kuliko yenu yote, lakini silisemi, maana nikilisema mtaacha kufikiri. Haya, anza wewe uliyekaa karibu na mlango. Leo ni Alhamisi, karatasi iko mbele yako: utaandika Mwanaidi aliyeuliza, Hizza aliyetoboa, au Mbonea aliyefumba macho?